Spika Zikivuma: Soketi Moja, Transfoma ya Kutenganisha, Waya wa Mwanga, Bluetooth au Fundi?

Saa nne usiku hapa Busia, upande wetu wa Uganda, ndipo unapoijua redio yako. Bodaboda zimepungua, malori yanayongoja forodha yamezima injini, watoto wamelala. Wimbo wa rumba unakwisha, na kabla mwingine haujaanza unasikia mmmmm kutoka spika zote mbili, kama friji iliyofichwa nyuma ya kochi. Mchana huusikii. Usiku haukuachi.

Nilikaa na mvumo huo tangu tulipofunga dishi jipya. Shemeji yangu, mtu ambaye koleo halimtoki mkononi, alikuja Jumamosi moja, akachungulia nyuma ya amplifaya, akasema, "Shemeji, hii ni kazi ya dakika moja. Tunakata hii pini ya juu, ile ndefu, na kelele zinakwisha."

"Hiyo pini iache, shemeji," nikamwambia. "Tuketi kwanza tusikilize."

Tulisikiliza kwa majuma mawili. Tulijaribu karibu kila njia inayosemwa mtaani, na hapa naziweka bega kwa bega ili wewe usipoteze muda wala shilingi kama sisi. Ya kukata pini nimeiacha mwisho. Ndiyo pekee nisiyotaka mtu aichague, na ndiyo ninayoikuta mara kwa mara katika nyumba ninazoalikwa.

Kabla ya kununua chochote

Kila dawa nitakayoitaja inatibu ugonjwa wake tu. Ukinunua transfoma ya kutenganisha na kumbe kapasita, vile vihifadhi umeme vya ndani ya amplifaya, ndizo zilizokufa, pesa imekwenda. Ukimbebea fundi amplifaya na kumbe kosa liko juu ya paa, ataifungua, ataifunga, atadai chake, na ukifika nyumbani inavuma vilevile. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua mvumo ni wa nani.

Anza na volyumu. Acha kila kitu kimechomekwa, usipige wimbo wowote, kisha uzungushe volyumu kutoka sifuri hadi katikati. Mvumo ukipanda pamoja nayo, basi unaingia kutoka nje: kwenye waya wa sauti, au kwenye chombo kilichoungwa, iwe TV, dekoda, laptopu au simu. Ukibaki palepale hata volyumu ikiwa sifuri, shaka iangukie amplifaya yenyewe, hasa ile sehemu inayogeuza umeme wa ukutani kuwa umeme wa betri kwa matumizi ya ndani. Subwufa yenye plagi yake mwenyewe ipime peke yake, kwa sababu inaweza kuvuma hata volyumu ya amplifaya ikiwa chini kabisa. Chomoa waya wa sauti unaoingia kwenye subwufa. Ikinyamaza, kosa haliko ndani yake.

Kisha zima, chomoa nyaya zote zenye vichwa vyekundu na vyeupe nyuma ya amplifaya, washa tena. Ikiwa kimya, amplifaya yako ni nzima. Rudisha waya mmoja mmoja, ukizima kila mara, hadi mvumo urudi. Kwangu ulirudi na waya wa TV, lakini TV haikuwa na kosa lolote. Nilipofungua skrubu ya waya wa dishi nyuma ya dekoda, cheche ndogo iliruka kwenye uzi wa skrubu na mvumo ukakatika kama uliokatwa kwa kisu. Nikaigusisha tena, ukarudi. Nikaitoa, kimya. Shemeji aliweka koleo chini.

Sababu yake ni hii. Amplifaya ilikuwa imeunganishwa na ardhi kupitia plagi yake ya pini tatu. Dishi nalo lilikuwa limeunganishwa na ardhi kivyake, kwa mlingoti wa chuma uliosimikwa nyuma ya nyumba. Ardhi hizo mbili hazilingani: kati yake kuna tofauti ndogo ya volti, na tofauti hiyo inasukuma mkondo upite kwenye wavu wa shaba unaozunguka waya wa sauti kati ya TV na amplifaya. Wavu ule una ukinzani wake mdogo, kwa hiyo mkondo unaacha volti kidogo njiani, na amplifaya haiwezi kuitofautisha na muziki. Njia hiyo ya mkondo, kutoka ardhi moja hadi nyingine, mafundi wanaiita kitanzi cha ethi; ethi ni huo muunganisho na ardhi. Volti zenyewe hazihitaji kuwa nyingi. Sauti kamili inayotoka kwenye deki ya CD ni kama volti 2. Mvumo wa elfu moja ya hapo, yaani milivolti 2, tayari unasikika katika chumba tulivu.

Kipimo cha sikio nacho kinasaidia. Umeme wetu ni wa volti 240, mizunguko 50 kwa sekunde. Kinachotoka Nalubaale kule Jinja, bwawa lililokuwa likiitwa Owen Falls na kufunguliwa mwaka 1954, kinazunguka hivyo hivyo, na ng'ambo ya mpaka kwa Wakenya ni hivyo hivyo. Kitanzi cha ethi kwa kawaida huvuma kwa mizunguko hiyo 50. Ukimjua mpiga gita la besi la nyuzi nne, mwombe abonyeze kizuizi cha tatu kwenye uzi mnene kabisa: sauti ile ni mizunguko 49, karibu kabisa na mvumo wako. Kapasita zilizochoka huvuma kwa mizunguko 100, oktava moja juu, kwa kuwa ndani ya amplifaya kila wimbi la umeme hukunjwa likawa mawili. Sikio lisitoe hukumu peke yake, maana kitanzi huweza kubeba na mikwaruzo ya juu, lakini likikubaliana na kipimo cha volyumu, unaweza kuliamini.

Ikiwa mvumo hautoki kwenye spika kabisa bali kwenye boksi la amplifaya, weka kiganja juu ya kifuniko. Kikitetemeka chini ya mkono, ni transfoma ya ndani inayotikisika. Hakuna waya wala kifaa ninachokitaja hapa kitakachoigusa hiyo. Mwachie fundi akaze skrubu zake.

Soketi moja: ya bure, ianze hii

Chukua ekstensheni moja nzuri, chomeka humo amplifaya, TV, dekoda na subwufa, na ekstensheni yenyewe iingie kwenye soketi moja ya ukutani. Vyombo vyote sasa vinatumia waya uleule wa ethi, na tofauti ya volti kati yao inapungua sana. Watu huogopa kwamba soketi itaungua. Soketi ya pini tatu ni ya ampea 13, yaani wati 3,000 na ushee kwa umeme wetu, na vyombo vya muziki vya sebuleni havifiki huko. Kinachoiunguza ni pasi au birika la umeme. Hivyo visiingie hapo hata siku moja.

Wakati huohuo tenganisha nyaya. Waya wa sauti usilale ukikumbatiana na waya wa umeme. Uweke mbali kadiri uwezavyo, na pale lazima zipishane, zipishane kama msalaba.

Kwa wale ambao mvumo wao unatokana na soketi mbili tofauti, subwufa iko kona hii na amplifaya kona ile, mara nyingi kazi inaishia hapa. Kwangu haikuishia hapa, kwa sababu ekstensheni haina la kufanya na ardhi inayoingia kupitia dishi. Suluhisho la asili la dishi ni fundi umeme aufunge mlingoti kwa waya mnene kwenye fimbo ileile ya ethi ya nyumba. Kama nyumba ni yako, fanya hivyo. Sisi ni wapangaji.

Transfoma ya kutenganisha dhidi ya waya wa mwanga

Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu, kwa kuwa vyote viwili vinakata kitanzi bila kugusa ethi, na vyote vinauzwa Kampala.

Transfoma ya kutenganisha ni kiboksi kidogo chenye vichwa vyekundu na vyeupe pande zote mbili. Ndani kuna transfoma mbili ndogo, moja ya kulia na moja ya kushoto. Sauti inavuka kwa sumaku, shaba haigusani, kitanzi kimekatika. Hakihitaji umeme, hakihitaji kusetiwa, na kinafanya kazi na chochote chenye waya wa sauti: deki ya zamani, DVD, laptopu, redio. Kiweke karibu na amplifaya.

Ubaya wake uko kwenye besi. Vile vya bei ya chini vina viini vya chuma vidogo mno, na kiini kidogo kikipewa sauti nzito kinashiba. Besi inakonda, au inatoka ikiwa imekunjamana. Tulikifunga kiboksi tulichonunua, mvumo ukaisha kabisa, shemeji akapiga makofi. Kisha nikaweka rumba ninayoijua noti kwa noti. Pale mpiga besi anapoteremka chini kabisa, noti ya mwisho haikuwepo. Ilikuwa kama mtu ameshuka ngazi akakosa ya mwisho. Kwa taarifa ya habari na mahubiri ya redio hutajali. Kwa muziki nilijali. Ukienda kununua, beba simu yenye wimbo wako wa besi nzito, mwombe mwenye duka akuunganishie, na usikilize ukiwa na kiboksi na bila kiboksi. Na kisiwekwe kati ya santuri na pre-amplifaya yake, yaani kikuza sauti chake cha awali. Sindano ya santuri inatoa milivolti chache tu, hapo tafuta kwanza ule waya mwembamba wa ethi wa santuri kama umefungwa kwenye skrubu yake.

Waya wa mwanga, optikali, hauna shaba hata chembe. Ni uzi wa plastiki unaopitisha mwanga mwekundu. Toshiba ndio walioutoa mwaka 1983, na mpaka leo TV nyingi zina tundu lake nyuma: kijimlango kidogo cha mraba, ukikisukuma kwa ukucha TV ikiwa imewashwa unaona wekundu ndani. Mwanga haubebi mvumo. Besi inafika nzima, na sauti haichelewi nyuma ya midomo ya msomaji habari.

Lakini amplifaya nyingi tulizo nazo hazina tundu hilo, kwa hiyo unahitaji kigeuzi kidogo cha kubadili mwanga kuwa sauti ya kawaida. Na hapa sikiliza vizuri, maana pametugharimu siku nzima. Kigeuzi kinakula umeme wa USB wa volti 5, na TV ina tundu la USB palepale kando. Tukakichomeka kwenye TV. Mvumo ukarudi uleule! Tulidhani tumeuziwa kigeuzi kibovu, shemeji akataka kukirudisha dukani. Kumbe shaba tuliyoikata kwenye waya wa sauti tulikuwa tumeirudisha kupitia waya wa USB: ardhi ya dishi inaingia kwenye dekoda, inapita TV, inashuka kwa USB hadi kigeuzi, inaingia amplifaya. Tulipokichomoa kwenye TV na kukipa chaja ya kawaida ya simu ya pini mbili, nyumba ikanyamaza, na haijavuma tena.

Kati ya hivyo viwili, basi: kama mvumo wako unatoka kwa TV na dekoda, na TV ina kile kijimlango, chukua waya wa mwanga na uupe kigeuzi chaja yake. Kama chanzo ni deki, DVD au kingine kisicho na optikali, chukua transfoma, ila nunua nzito. Iliyo nyepesi kama kiberiti usiitarajie kubeba besi.

Wenye antena ya kawaida juu ya paa, isiyo dishi, wana njia moja zaidi: kuna kitenganishi kidogo kinachofungwa kwenye waya wa antena wenyewe. Kwa dishi usikinunue. Dekoda hupeleka volti 13 au 18 juu kwa kichwa cha dishi kupitia waya uleule, na kitenganishi cha kawaida huzizuia. Utapata kimya, na picha nayo itakwenda.

Bluetooth

Kama muziki wako wote uko kwenye simu, usisome sana hapo juu. Kipokezi cha Bluetooth kwenye amplifaya, simu mkononi, hakuna waya wowote kati yao. Ni rahisi, na kitanzi hakina pa kupita. Kanuni ya chaja ni ileile: kipe chaja yake ya simu. Chaja dhaifu nayo ina mlio wake mwembamba, kwa hiyo ukisikia mlio mpya mwembamba, badilisha chaja kabla hujalaumu kipokezi.

Kwa TV siipendekezi. Sauti inachelewa sehemu ya sekunde, na mpira unapigwa kabla hujausikia.

Wanaotumia waya wa simu au laptopu wajaribu kitu kimoja kabla ya kutoa pesa: chomoa chaja. Mara nyingi laptopu inayovuma ikiwa kwenye chaja hunyamaza ikibaki na betri. Kwa muziki wa saa moja jioni, hiyo inatosha kabisa.

Fundi

Mvumo usiojali volyumu, unaosikika hata nyaya zote zikiwa zimetolewa, ni wa fundi. Kapasita kubwa za ndani, zile zinazofanana na mikebe midogo, hukauka kwa joto na miaka. Nyingine huvimba kichwani. Mpe fundi maelezo ya vipimo vyako, itampunguzia kazi. Mwombe aweke mpya, si iliyotolewa kwenye amplifaya iliyokufa: mikrofaradi zilezile, volti zilezile au zaidi, na za nyuzi 105 badala ya 85 kama zipo, kwa kuwa ndani ya amplifaya kuna joto. Usijifungulie mwenyewe. Kapasita hizo hubaki na umeme hata plagi ikiwa mezani.

Wanaotumia sola wasikimbilie fundi upesi. Kama redio inavuma kwa inveta tu, na umeme wa Yaka, ule wa mita ya kulipia kabla, ukiwepo inatulia, kosa ni inveta. Zile za bei nafuu hutoa wimbi lenye ngazi, na transfoma ya amplifaya hulalamika. Tafuta iliyoandikwa Pure Sine Wave kwenye boksi. Hakuna kiboksi cha waya wa sauti kitakachofanya kazi yake.

Kukata pini

Shemeji hakudanganya. Ukikata pini ya ethi, kitanzi kinakatika na mvumo unakwisha. Ndiyo maana njia hii haifi.

Lakini fikiria pini ile imewekwa kwa ajili gani. Waya wa umeme ukilegea ndani ya amplifaya na kugusa boksi la chuma, ethi huuvuta mkondo mkubwa mara moja, fyuzi ya plagi inakatika, na wewe unajua kwa kuwa redio imezima. Bila ethi, fyuzi haioni chochote. Redio inaendelea kuimba, na boksi lina volti 240 likimngoja mtoto anayekuja kubadilisha wimbo na mikono yenye maji. Na kwa kuwa vyombo vyote vimeungwa kwa nyaya za sauti, chuma cha TV na cha dekoda navyo vina umeme huo.

Pini hiyo ni ndefu kuliko nyingine kwa makusudi: inaingia kwanza, na ndiyo inayofungua vifuniko vya matundu mawili ya chini. Ndiyo sababu aliyekata pini anahitaji kusukuma kifuniko cha kalamu kwenye tundu la juu kila anapochomeka. Nilikiona kwa shemeji mwenyewe, kifuniko cha buluu, kimeyeyuka kidogo ncha yake. Plagi inayoingizwa hivyo hukaa imelegea, hurusha cheche, na cheche hizo zinaingia kwenye spika kama mikwaruzo. Alikuwa ameondoa kelele moja akaweka nyingine.

Amplifaya iliyokuja na plagi ya pini mbili kutoka kiwandani ni jambo jingine; hiyo imejengwa na kinga mara mbili. Unaweza hata kuhisi mtetemo mwepesi ukigusa chuma chake kwa vidole, kwa kuwa boksi lisilo na ethi huweza kuelea karibu nusu ya volti za ukutani, ingawa mkondo wenyewe ni mdogo sana. Ninayoizungumzia ni ile iliyokuja na waya wa kijani na njano ndani. Huo umewekwa na aliyeijenga, akijua boksi lake.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwa shemeji na plagi tatu mpya. Alikuwa amekata tatu. Tulifunga kahawia kwenye fyuzi, buluu upande wa pili, kijani na njano juu, tukakaza skrubu. Amplifaya yake ikaanza kuvuma tena mchana uleule, kama tulivyotarajia, kwa kuwa sasa ilikuwa na ethi. Tukahamisha plagi ya subwufa kutoka soketi ya chumbani, ambako waya ulikuwa umepitishwa chini ya mlango, tukaileta kwenye ekstensheni moja na vyombo vingine vya sebuleni. Ikanyamaza, na hatukununua kitu kingine.